Mashine ya kuchomelea katika banda la seremala: jibu kwa msomaji wa Mtwara

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni seremala, naishi Chuno, Mtwara, na nyuma ya nyumba nina banda la mbao na bati la futi 12 kwa 20. Natengeneza vitanda, meza na makabati. Siku hizi wateja wanapenda meza zenye miguu ya chuma, na kila mara nalazimika kumsubiri fundi wa kuchomelea ambaye hunichelewesha. Mauzo ya korosho yameniachia fedha kidogo, nami nimeorodhesha mashine ya kuchomelea ya ampea 300, grenda, kompresa ya lita 50 na bunduki ya kupulizia rangi. Je, vyote vitaenea katika banda langu, na nianze na kipi? Mke wangu ana hofu kwa ajili ya watoto.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nafasi ya kuviweka vifaa hivyo unayo, kwa kuwa vyote vinne vikipangwa vizuri havichukui zaidi ya pembe moja ya banda. Tatizo ni kwamba unataka kuweka chini ya paa moja kazi tatu zinazoharibiana: useremala hutoa vumbi linaloshika moto, uchomeleaji hutoa cheche, na upakaji vanishi hutoa mvuke wa thina ambao huwaka upesi kuliko mbao yenyewe. Kwa hiyo jibu langu linaanza mahali ambapo orodha yako haikugusa. Fedha ya kwanza itumie kuutenga moto na mbao, ya pili uiweke kwenye umeme, ndipo mashine zifuate. Kompresa, kwa maoni yangu, isubiri msimu ujao wa korosho.

Sababu ya kusisitiza jambo hili naijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na karakana ndogo Lindi, nilikata chuma cha pembe kwa grenda saa kumi na moja jioni, vipande vinne tu, karibu na mlango. Nilipomaliza nilifagia, nikamwaga ndoo ya maji pale nilipokatia, nikafunga. Cheche moja ilikuwa imebiringika hadi chini ya benchi, kwenye pembe ya ukuta ambako fagio lilikuwa limesukuma maranda ya mninga kwa miezi. Haikuwaka mwali, ilikaa humo ikila polepole, kama moto unavyokaa ndani ya kumbi la nazi hata ukadhani umezimika. Saa nne usiku jirani alikuja kuniita kwa harufu. Nilipofungua mlango sikuona moto wowote, bali moshi uliokuwa umeshuka kutoka kwenye bati hadi usawa wa kifua, na hewa niliyoiingiza kwa kufungua mlango ndiyo iliyoupa ule moto mwali. Tuliuzima kwa mchanga na ndoo za maji, lakini benchi na randa zangu mbili za mbao vilikwisha.

Kanuni za Marekani za kazi za moto, zinazojulikana kama NFPA 51B, zinataka vitu vinavyowaka viondolewe au vifunikwe ndani ya mita 11 kutoka mahali pa kuchomelea, na toleo la mwaka 2019 liliongeza muda wa kulinda mahali hapo baada ya kazi kutoka nusu saa hadi saa nzima. Sasa pima banda lako: futi 20 ni kama mita 6. Maana yake ni kwamba hakuna pembe ndani ya banda hilo ambayo iko mbali na mbao kwa kiasi kinachotakiwa, hata ukiweka pazia. Uchomeleaji na kazi zote za grenda lazima vitoke nje.

Mwaga sakafu ya zege nje ya banda, mita 2.5 kwa 3 inatosha kwa meza ya watu wanane, uiezeke bati juu na kuuacha upande mmoja au miwili wazi ili moshi upate kutoka. Kuhusu upande wa kuijenga, tumia pepo zetu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo karibu mwaka mzima upepo una asili ya mashariki. Ukiweka sakafu ya moto upande wa magharibi wa banda, cheche na moshi vitasukumwa mbali na mbao zako badala ya kuingizwa ndani. Angalia tu kuwa upande huo hauangalii jiko la makuti la jirani. Ukuta wa banda unaotazamana na sakafu hiyo ni wa mbao, nao uufunike bati kutoka chini hadi juu bila kuacha mianya ya cheche kupenya. Weka hapo ndoo mbili za mchanga, moja ya maji, na kizima moto cha poda cha kilo 6, na usiondoke kabla ya saa moja kupita tangu cheche ya mwisho.

Kuna sababu nyingine ya kuitoa grenda nje, ambayo maseremala wengi huigundua wakiwa wamekwisha kuharibu kazi. Vumbi la chuma linaloruka kutoka kwenye diski ni jepesi kiasi cha kutua juu ya mbao iliyopigwa msasa bila wewe kuliona. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na mbao nyingi ngumu zina tanini, kemikali ya asili ya mbao; chembe ya chuma ikipata unyevu juu ya tanini huacha doa jeusi lenye rangi ya wino. Nimewahi kuona kabati zima la mteja limepata madoadoa chini ya vanishi siku tatu baada ya kupakwa, na fundi akamlaumu muuza vanishi. Kosa lilikuwa la grenda iliyotumika meta nne kutoka hapo.

Nakuja kwenye umeme. Mashine za kisasa za inveta ni nyepesi na hazinyonyi umeme kama zile za zamani za koili, lakini nazo zina hesabu zake. Ukichomelea kwa ampea 70, kiwango kinachofaa rodi (kijiti cha kuchomelea) ya milimita 2.5, mashine ya kawaida itavuta kama ampea 12 kutoka kwenye laini ya volti 230, na soketi ya ampea 13 itahimili kwa shida. Ukipandisha hadi ampea 100 itavuta 17 au 18, na hapo soketi itaanza kunuka plastiki iliyoungua. Kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi kwa waya wa milimita za mraba 4, yenye breka yake, ethi iliyochimbiwa na kupimwa, na breka inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kifaa hiki cha mwisho ndicho kitakachomlinda mtoto atakayeshika kile asichotakiwa kushika. Ekstensheni ndefu na nyembamba ni adui: waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30 hupoteza zaidi ya volti 12 mashine ikivuta ampea 18, na ukiuacha umezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata joto hadi ukayeyuka.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayonifanya niikatae ile mashine ya ampea 300 uliyoiandika. Mashine inayotoa ampea 300 za kweli ingehitaji karibu ampea 70 kutoka kwenye laini yako ya nyumbani, na hakuna fundi wa akili timamu atakayekufungia hivyo. Kwa hiyo kisanduku kidogo chenye plagi ya kawaida na namba 300 iliyochorwa kwa maandishi makubwa kinakudanganya. Usisome rangi ya mbele. Geuza mashine usome kibati cha nyuma, mahali palipoandikwa ampea pamoja na asilimia. Ikiandikwa ampea 160 kwa asilimia 60, maana yake ndani ya dakika kumi waweza kuchomelea sita kwa kiwango hicho na kuipumzisha nne. Isiyo na kibati hicho iache dukani. Kwa miguu ya meza na fremu za vitanda, mashine ya kweli ya ampea 140 hadi 160 itakutosha kwa miaka mingi.

Bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa milimita 2 linachomelewa vizuri kwa rodi za aina ya 6013 za milimita 2.5, ukiwa kwenye ampea 55 hadi 70. Wauzaji wengi watakupa bomba la milimita 1.5 au chini yake kwa sababu ni la bei rahisi, na hilo hutoboka mkononi mwa mwanafunzi. Chukua rodi za milimita 2, shusha hadi ampea 40 au 50, na uunge kwa vipande vifupi ukiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili fremu isipinde. Rodi ziweke ndani ya nyumba kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, kwa maana unga ulioziganda hunywa unyevu, na rodi iliyolala bandani masika nzima hurusha matone na kuacha vitundu katika ungio. Diski za grenda nazo zina umri: kwenye pete ya chuma ya katikati kumechapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, ambao huwa miaka mitatu tangu itengenezwe. Zisome kabla ya kulipa. Diski iliyopita muda wake yaweza kupasuka ikiwa inazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, na kinga ya grenda, ambayo vijana wengi huing'oa, ndiyo pekee iliyo kati ya vipande hivyo na uso wako.

Mashine ya inveta yenyewe usiiache bandani usiku. Feni yake huvuta hewa ya chumvi na vumbi la chuma hadi kwenye bodi za ndani, na vumbi hilo hupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Iweke mbali na grenda wakati wa kazi, kisha uirudishe chumbani.

Hofu ya mama watoto ina msingi, wala usiipuuze. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila kuuma papo hapo; maumivu huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, usiku, mtu akihisi kama amemwagiwa mchanga machoni. Mtoto anayechungulia kwenye mwanya wa bati yuko hatarini sawa na fundi. Ziba upande unaotazama nyumba kwa bati lililopakwa rangi isiyong'aa, urefu wa mita 2, na wewe mwenyewe utumie barakoa yenye kioo namba 10 au 11. Miwani ya jua inayotumiwa na mafundi wa barabarani haizuii kitu.

Moshi nao unataka maelezo, hasa wa mabomba yenye zinki. Ukichomelea bomba la mabati bila kuliondolea zinki, mvuke mweupe utakaouvuta unaweza kukuletea homa saa nne hadi kumi baadaye: baridi, kutetemeka, mwili kuuma, ladha ya chuma mdomoni. Huku kwetu mtu wa namna hiyo husema ni malaria, akanywa dawa, na kesho yake akiamka mzima huisifu dawa. Kumbe homa ya zinki huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, na ataipata tena wiki ijayo. Maziwa, ambayo mafundi wengi huyanywa kabla ya kazi, hayazuii mvuke usiingie mapafuni. Saga zinki sentimita 5 kila upande wa ungio, au nunua bomba jeusi tangu mwanzo. Kwa muda mrefu zaidi, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2017, kama lilivyokuwa limeliweka vumbi la mbao tangu mwaka 1995. Simama upepo ukipita ubavuni mwako, usiinamie ungio, na ndani ya banda vaa barakoa ya daraja la FFP2 au N95, hasa ukikata mvule na mkongo ambao huchokoza pua na kifua.

Chuma kikishaungwa, kipake siku hiyohiyo. Hapa Mtwara chuma kilichosafishwa asubuhi huwa na utando wa kutu kesho yake alfajiri, na rangi ikipakwa juu ya utando huo inabanduka kabla ya mwaka. Gonga lile ganda linalobaki juu ya ungio hadi liishe, kwa kuwa rangi haishiki juu yake. Osha chuma kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni kuondoa chumvi ya vidole na ya hewa, kausha, futa kwa thina, kisha paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Ncha za mabomba zifunge kwa vifuniko vya plastiki au vibati vya kuchomelea, kwani kutu ya ndani ndiyo inayoua miguu ya meza za barazani.

Sasa kompresa. Nimesema isubiri, na sababu ni maji. Hewa yetu ya masika yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba kama gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa inapoibana mara tisa, sehemu kubwa ya maji hayo haina pa kukaa, nayo hudondoka ndani ya tangi. Mashine inayovuta lita 150 kwa dakika hujikusanyia karibu glasi moja ya maji kwa saa, na yasipokamatwa na kichujio huishia kwenye bunduki na juu ya kabati lako. Tena tangi la lita 50 lenye mota ya nguvu farasi 2 litachoka haraka, maana bunduki nyingi za kikombe cha juu huomba lita 150 hadi 300 kwa dakika, nawe utapaka nusu ya mlango na kusimama kusubiri. Ukifikia siku ya kuinunua, nunua na kichujio cha maji papo hapo, na ufungue koki ya chini ya tangi kila jioni. Rangi za pakiti mbili zenye kigumishi cha polyurethani usizipulizie nyumbani kabisa: zina isosianeti, kitu kinacholeta pumu isiyoondoka, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wowote.

Kwa msimu huu nunua brashi mbili nzuri, msasa wa namba 80, 120, 180, 240 na 320, na ujifunze kupaka vanishi kwa tambara, mikono mingi myembamba. Anza kama saa tatu asubuhi umande ukishakauka, kivulini, na uache kabla ya saa tisa alasiri. Vanishi inayokauka haraka hupoza uso wa mbao, na ikipakwa jioni yenye unyevu, hewa huacha maji juu yake; hapo ndipo unapopata ule weupe kama maziwa. Mvule na mbao za jamii ya mpingo zina mafuta yanayoichelewesha vanishi kukauka, basi zifute kwanza kwa thina. (Ndugu zetu wachongaji wa Kimakonde wamelikwepa tatizo hilo zamani: mpingo wao huung'arisha kwa msasa na nta, bila vanishi.) Umesikia pia, bila shaka, kwamba mafuta ya ganda la korosho hutengenezewa vanishi viwandani. Ni kweli, lakini yakiwa ghafi huunguza ngozi, usijaribu bandani. Siku ya vanishi isiwe siku ya moto hata kwa kipande kimoja, na matambara yenye mafuta ya kitani yaloweke kwenye debe la maji jioni, kwa kuwa yakikunjwa hujipatia joto na kuwaka yenyewe.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo litakalokurudishia wateja au kuwafukuza. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana. Chuma hakifanyi hivyo. Mbao iliyokaa hapa pwani ina unyevu wa asilimia 15 hivi, na ikipelekwa Dodoma au kwenye ofisi yenye kiyoyozi hushuka hadi 10 au 11. Juu ya meza ya paini yenye upana wa sentimita 80 inaweza kusinyaa karibu milimita 8, wakati mninga husinyaa kwa kiasi kidogo kuliko paini na kukusamehe makosa. Ukiikaza kwa skrubu kwenye fremu ya chuma bila kuiachia nafasi, itapasuka katikati na utaambiwa mbao yako ilikuwa mbichi. Kwenye flati baa (vyuma bapa) zinazopita kwa upana wa meza, toboa matundu mawili yanayokaribiana kwa kila skrubu ya pembeni, uyaunganishe kwa tupa yawe tundu refu la milimita 15 kufuata upana wa mbao, uweke washa pana, na ukaze kiasi cha kushika tu. Tundu la katikati ndilo libaki duara, ili meza isinyae kuelekea katikati kutoka pande zote mbili.